Kura ya Siri ya Majengo Mapya

Jumapili, 8 Novemba 1998

Mkutano umekwisha salama. Afadhali! Mimi na kusimama mbele ya watu hatujawahi kupatana, na leo nimesimamishwa mara mbili.

Kwa hiyo wenye nyumba wa Majengo Mapya tutakuwa na chama kweli, chenye cheti na muhuri. Limebaki sharti moja la ofisi ya usajili: viongozi wachaguliwe kwa kura ya siri. Wazee wakaguna. Kura ya siri ya nini tena? Wakamwambia Mzee Mageni asimame, wakanyoosha mikono, vigelegele, kwisha! Mwenyekiti ni Mageni. Hata katibu alikuwa hajamaliza kuchonga penseli.

Ndipo Umesh akasimama. Huyu ni mtoto wa Kanji wa Shinyanga mjini, wale wenye duka la redio na kompyuta. Baba yake ana nyumba mbili hapa kwetu Kahama, kwa hiyo nao ni wanachama. Akasema sharti ni sharti, na nusu ya wenye nyumba wanakaa Shinyanga, mwaka jana waligoma kwa kuachwa nje. Dawa ni hii: kompyuta moja iwe dukani kwake, nyingine kwangu, kwenye ofisi yangu ya kuchapa. Wa kule wapige kule, wa hapa wapige hapa. Kila siku saa kumi jioni mashine zitapigiana simu na kujumlisha zenyewe. Matokeo Jumapili ya tarehe 22.

Halafu wote wakanitazama mimi! Sawa, kompyuta ni yangu, ililetwa mwezi wa nane, hakuna nyingine mtaani. Lakini macho yale... Mzee mmoja akauliza: na huyu mama ataona nani kaandika nini? Nikasimama. Nikasema hapana, hata mimi sioni. Mashine inameza, inakaa kimya mpaka siku yenyewe.

Wakatazamana. Mwigulu, kamanda wa sungusungu, wale walinzi wetu wa mtaa, akaitikia kwa kichwa polepole. Hiyo nzuri, akasema. Nzuri sana.

Hajawahi kunikosea yule baba, ila sauti yake hunitia baridi.


Alhamisi, 12 Novemba 1998

Umesh amekuja na modemu yake, kidude cheusi chenye vitaa. Kutwa nzima waya, waya, waya. Mimi kazi yangu kuogopa: umeme utakatika, simu haitashika, nitabonyeza kitu nifute chama kizima.

Tulibishana kidogo. Alitaka orodha ya wagombea, mtu abonyeze namba tu. Nikakataa. Mgombea yuko mmoja! Orodha ya jina moja itaonekana tumewapangia. Tuwaachie nafasi tupu, kila mtu aandike jina analolitaka moyoni. Akasema dada una akili. Nilivimba kichwa. Basi kwenye kioo pamewekwa hivi: KURA HII NI YA SIRI. ANDIKA JINA MOJA.

Saa kumi tukajaribu. Mungu wangu! Modemu ililia. Mluzi kwanza, kisha mkwaruzo, kisha vilio viwili vimepandana. Niliruka nikapiga kiwiko kwenye kabati. Umesh alicheka mpaka akaketi sakafuni — ndivyo zinavyosalimiana, dada! Dirishani kumbe watu wamejaa. Hawakucheka hata mmoja.

Rafiki yangu Scolastika alikuwepo, kajishika kifua. Maskini, tangu Kulwa, mmoja wa pacha wake, afe kila kelele inamshtua. Surua ilianza mwezi wa tisa na imebeba watoto wengi mtaani. Nililala kwake matanga yote, nikapika, nikafua. Sasa amebaki na Doto, anambeba mgongoni kutwa nzima ingawa mtoto ni mkubwa, miguu inaning'inia mpaka magotini kwa mama yake.


Jumatatu, 16 Novemba 1998

Kura zimeanza! Nilifungua ofisi alfajiri, sikuweza hata kunywa chai.

Walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Wasiojua kusoma wamekuja na watoto wao wakubwa. Namkaribisha mtu, namwonyesha vitufe, natoka nje, pazia linashushwa. Nilichungulia kidogo pembeni ya pazia (sikuona kioo, nisijisingizie). Hawakai kwenye kiti. Wanasimama, wanajinyoosha kutoka mbali. Wanawake wanazungushia kidole ncha ya khanga ndipo wabonyeze. Mzee mmoja alitumia kijiti! Wanaogopa umeme, jamani. Niliwaambia haupigi, wakaitika ndiyo mama, ndiyo mama, wakaendelea na khanga zao.

Nilitenga mtungi wa maji ya kunywa na vikombe. Hakuna aliyekunywa, na joto lote hili.

Umeme ulikatika mara moja. Nilidhani nitazimia mimi kabla ya mashine. Ukarudi.


Jumanne, 17 Novemba 1998

Nimefanya kitu. Umesh aliniachia neno la siri la kufungulia hesabu, akasema lisitumike kabla ya Jumamosi. Lakini usiku kucha nimewaza: kama ule umeme wa jana umekula kura? Nikaja asubuhi kabla ya watu nikafungua. Kuhakikisha tu kwamba zimo.

Zimo.

Mzee Mageni ana chache sana. Wengine wametajwatajwa, mmoja huku mmoja kule. Na jina lililojaa kioo — MAMA ESTA. Tena MAMA ESTA. MAMA ESTA WA KUCHAPA. Mwingine kaandika GENEROSA kabisa, na herufi ya R imegeuka L, nikajua ni Msukuma mwenzangu.

Mimi! Mwenyekiti! Sikugombea, sikunyoosha hata kidole. Mjane, mwoga hata wa kuku. Nimekaa pale nacheka peke yangu kama mwehu. Kumbe wakati wote najidhani nipo nipo tu hapa mtaani, watu wananiona. Kumbe wananipenda. Halafu hofu ikanirudia: nitamtazamaje Mzee Mageni? Kashapigiwa vigelegele, huenda na mbuzi kashachinja. Watasema nimechezea mashine. Nitasimama mbele ya mkutano mara ngapi kwa mwezi?

Nimefunga hesabu, nimefuta jasho kwenye kibodi. Nitamwandikia Esta shuleni. Hapana, bado. Nisije nikajitia nuksi.


Jumatano, 18 Novemba 1998

Mvua kubwa tangu adhuhuri. Baada ya chakula walikuja wawili tu: Mzee Mageni, na baadaye Scolastika na Doto wake mgongoni chini ya nailoni.

Nimekuwa mwizi wa hesabu yangu mwenyewe. Nilifungua kabla hawajaja, nikafungua walipoondoka. Jina la Mageni halikusogea. Langu limeongezeka mbili!

Nilitokwa na machozi. Yule mzee, kashapewa kiti, anakuja kimyakimya kwenye mvua kuniandika mimi. Na Scolastika! Mbele yangu hakusema neno, alipita ameinamisha kichwa, nami nikadhani ana huzuni zake. Rafiki ndiye huyo.

Saa kumi modemu ikalia kama kawaida yake. Scolastika alikuwa bado amejibanza ukutani nje, nikadhani anasubiri mvua. Anasikiliza, machozi yanamtiririka. Nikamwita ndani akasema hapana dada, hapa panatosha.

Umesh alipiga baadaye. Kumbe na yeye kachungulia! Anapiga kelele kwenye simu: hongera dada, wa Shinyanga wengi wamemwandika mzee lakini hata huku jina lako limo, unaongoza! Nikamwomba asiseme kwa mtu. Akasema ataleta shada la maua, mama yake atalisuka mwenyewe. Huyu kijana ana moyo mzuri, lakini mdomo!


Alhamisi, 19 Novemba 1998

Kuna jambo. Sijui ni nini.

Nimekwenda dukani asubuhi, watoto wanacheza barabarani. Mama mmoja akatoka mbio akamnyakua wa kwake mbele ya miguu yangu, akaingia naye ndani. Nimempa shikamoo bibi wa nyumba ya kona. Bibi ambaye huitika marahaba mpaka mtu unaona haya! Leo kageuka ukutani. Sikusikia marahaba.

Mwigulu alipita ofisini. Hakuingia. Akauliza kutoka mlangoni kama ni kweli mashine hulia saa kumi tu, au na saa nyingine. Nikamweleza habari za simu na modemu, nikatumia maneno mengi mno, najijua nikiogopa huongea sana. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema baada ya Jumapili mtaa utapumua.

Nilijituliza kwamba ni wivu. Habari imevuja, watu hawataki mwanamke. Ndiyo. Ni wivu tu.

Mbona basi walioniandika ni wengi hivyo?


Ijumaa, 20 Novemba 1998

Niandike polepole. Nikiharakisha sitajisoma.

Scolastika alikuja leo jioni, watu walipokwisha. Alisimama kizingitini. Akauliza, "Mama Esta, ulisema mkutanoni mashine haionyeshi aliyeandika. Ni kweli?"

Nikamwambia kweli kabisa.

"Hata wewe?"

"Hata mimi." Nikatabasamu! Nilidhani anaona haya kwa kunipigia kura. Nikamwambia kwa nini unauliza, kura ya mwenyekiti ni jambo la kuogopa hivyo?

Akanishangaa. "Mwenyekiti? Mwenyekiti si tulimpata ile Jumapili kwa mikono?"

"Hiyo ilikuwa ya mdomo tu, Scola. Hii ndiyo yenyewe."

"Hapana, dada. Mtu mwema anachaguliwa peupe, kwa mikono, wote wamwone. Ya siri ni ya kumtaja mtu. Kijijini kwetu tulipiga hivihivi, ila kwa karatasi kwenye debe. Sungusungu walikaa nje, unaingia peke yako, unaandika jina la anayemaliza watoto, unatoka. Ndiyo maana watu wanaogopa. Aliyetajwa akijua nani kamtaja, si atamrudia?"

Nikamuuliza aliyetajwa kule kwao alifanywa nini. Akasema aliambiwa ahame. Nikauliza, akahama? Akasema alikataa.

"Ikawaje?"

Scolastika akakaza mbeleko ya Doto. "Hatukuweka hata matanga," akasema.

Kioo kipo nyuma yangu na jina langu limejaa ndani. Mageni. Bibi wa kona. Wenye khanga kwenye vidole — hawakuwa wanaogopa umeme! Wanaogopa kugusa nilipogusa mimi. Maji hawakunywa. Na hizo kura mbili za siku ya mvua nilizolilia kwa furaha. Mjinga mimi. Mjinga!

Sikumuuliza kwa nini aliniandika. Sijui kama ningeuliza. Maana saa kumi ikagonga na Shinyanga wakapiga. Modemu ikaanza ule mluzi wake, kisha vile vilio. Scolastika akapiga magoti pale pale kwenye saruji, Doto mgongoni, akakunja mikono kama mtu aliye mbele ya padri.

"Mama Esta, kama Kulwa yumo humo, mfungulie. Sitamwambia mtu. Nipe tu mwanangu, nitaondoka naye usiku, hawatanisikia. Nimeisikia sauti yake tangu siku ya kwanza. Ulinipikia matangani, dada, najua una huruma. Mfungulie."

Nilichomoa waya. Kelele ikakatika. Lo, nisingechomoa! Alinitazama kama nimemziba mtoto mdomo mbele ya macho yake.

Nilijaribu kumweleza. Simu, kompyuta, Umesh, sauti ya mashine mbili. Nikataka kumshika mkono, akaurudisha haraka. Akanyanyuka, akarudi kinyumenyume hadi nje. Hakunigeuzia mgongo kwa sababu Doto yuko mgongoni.

Tumefahamiana miaka kumi na mmoja.


Jumamosi, 21 Novemba 1998

Sikulala. Nimefanya kila ninachokijua, naandika nione kama nimesahau kitu.

Kwanza nilimpigia Umesh asilete matokeo. Simu imekufa. Mvua imeangusha nguzo mahali fulani, mafundi labda Jumatatu. Hesabu zote mpaka juzi anazo, zilikwishapita. Ile mitambo yake aliyotusifia kwamba haikosei!

Nikawaza kufuta. Nimekaa mbele ya kibodi, kidole juu ya kitufe. Lakini kila mtu anajua alichoandika na wamenong'onezana. Jina langu lisipotoka, watasema nimelimeza, na hapo ndipo wataamini zaidi. Na likitoka je? Lisitoke, nimekwisha. Litoke, nimekwisha.

Nikaenda kwa afisa mtendaji wa kata. Alinisikiliza huku anakula karanga. Kwa hiyo mama unalalamika kwamba umeshinda uchaguzi? Akacheka mpaka karanga ikampalia. Nikamwambia hawanichagui, wananitaja. Akauliza nani amekutishia, mtaje. Sikuwa na wa kumtaja! Hakuna aliyenitishia. Wamenisalimu, wamenishukuru, wamepanga foleni. Akasema kukitokea jambo nirudi.

Mchana nikafunga kibegi, nikaenda stendi kupanda gari la Shinyanga. Vijana wawili wa Mwigulu walikuwepo, wamekaa kwenye benchi na marungu yao magotini. Wakasimama kwa adabu zote. Shikamoo Mama Esta. Safari ya wapi tena, na kesho ni siku ya matokeo? Mmoja akanipokea begi. Wakanisindikiza mpaka nyumbani, wananiuliza habari za Esta na masomo yake. Begi wakaliweka mlangoni, hawakulirusha wala nini. Wamekaa ng'ambo ya njia mpaka sasa.

Namshukuru Mungu Esta yuko bwenini. Asije akapewa ruhusa ya kuja kunisalimia, Mungu wangu, mzuie mtoto asije.

Mzee Mageni katuma salamu: kesho niwe ofisini saa nane kamili, na mashine iwe imewashwa, watu wakiwa na maswali.


Jumapili, 22 Novemba 1998

Nipo ofisini. Mlango nimeukomea. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Kwenye misa benchi langu lilikuwa langu peke yangu. Padri ni mgeni, hajui, alinipa mkono wa amani akitabasamu, nikaung'ang'ania mpaka akauchomoa taratibu.

Uwanja uko mbele ya dirisha. Sijawahi kuuona umejaa hivi, hata siku ya mbio za mwenge. Wenye nyumba na wasio na nyumba. Wamekaa chini, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Sungusungu wamesimama mstari nyuma. Mwigulu ana filimbi shingoni. Mzee Mageni mezani, kavaa koti.

Hapa nyuma hakuna mlango, ni tofali tupu. Nilipojenga fundi aliniuliza, mama tukutobolee na wa nyuma? Nikasema hapana, wezi.

Pikapu ya Umesh imefika! Nimempungia mkono dirishani, nimempungia yote miwili, njoo hapa, njoo kwanza hapa! Kaniona. Kanipungia pia. Kainua juu shada la maua ya manjano ili nilione, kacheka, kaenda moja kwa moja mezani.

Kipaza sauti kinakwaruza. Anawasalimu kwa Kisukuma chake cha dukani, mwangaluka, salamu ya asubuhi, mchana huu! Siku nyingine wangekufa kwa kicheko.

Anasema huu ni uchaguzi wa kwanza wa aina yake mkoa mzima. Anasema kompyuta haina ndugu wala rafiki. Anaifungua karatasi. Kamsoma Mzee Mageni, kura zake, kampongeza. Mzee anatazama meza.

Anasema: na sasa, aliyepata kura nyingi kuliko wote, hapa Kahama na Shinyanga mjini, watu wenyewe wameandika jina lake kwa mikono yao —

Umesh, nyamaza. Umesh, baba, nakuomba.

Kalisema. Kalisema mara tatu, ya tatu kwa kuvuta, kama mtangazaji wa mpira. Kisha akapiga makofi. Ni makofi yake tu ninayoyasikia, uwanja mzima. Scolastika yuko mstari wa mbele, kamtoa Doto mgongoni na kumpakata, kamziba masikio kwa viganja.

Anakuja. Kaacha kipaza sauti, anakatiza uwanja na shada lake mikononi, anawaomba watu njia nao wanampisha. Nyuma yake wananyanyuka. Wanawake pia. Hawakimbii, wanajifunga khanga tu viunoni na kuanza kutembea, naye hajageuka hata mara moja kutazama.

Anagonga. Anacheka, pumzi imempaa. "Dada Generosa! Fungua basi, usione aibu. Njoo uone mwenyewe, wote wamesimama kwa ajili yako!"